Deni la Msemaji

Kusema ni neema aliyojaliwa kila mwenye ulimi, lakini kusema mbele ya watu ni jambo jingine, lenye uzito wake na sheria zake. Mtu akinong'ona na rafiki yake, neno lake huishi kati ya wawili, na aghalabu hufa kati ya wawili hao. Mtu yule yule akisimama ukumbini, akazitazama nyuso mia mbili zinazomngoja, akalitamka neno lile lile, neno hilo limekwisha badili hali. Halimo tena katika milki yake. Kila aliyelisikia amechukua fungu lake, naye msemaji hawezi kupita nyumba kwa nyumba kukusanya alichokitoa. Ndiyo maana wahenga walinena kwamba ni heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona, na aliyejikwaa huumia peke yake; ulimi ukijikwaa huumiza hata wasiokuwapo.

Kama pana mahali ambapo neno la hadharani hutafutwa kwa hamu kubwa, mahali hapo ni chuo kikuu. Hapo hukutana vijana waliotoka pande nyingi, kila mmoja na mzigo wake moyoni. Mmoja anapenda misitu, na anaumia kuiona ikigeuzwa mkaa. Mwingine anakumbuka dada yake aliyekatishwa masomo ili aolewe. Wa tatu anaililia lugha ya bibi yake, ambayo wajukuu hawaisemi. Wa nne hana ila furaha: amegundua uzuri wa hesabu au wa nyota, naye hawezi kulala bila ya kumwambia mtu. Kila mmoja hutamani apewe jukwaa na dakika kumi. Na katika midahalo, makongamano na mikutano ya jumuiya zao, wengi hupewa. Swali linalozuka ni hili: mwanafunzi anayesimama kueleza jambo alipendalo au jambo linalomuuma, ana deni gani kwa wanaomsikiliza? Je, yatosha aseme kwa moyo wa kweli, au ukweli wa moyo ni mlango tu wa wajibu ulio mrefu zaidi?

Wako wanaojibu kuwa ukweli wa moyo watosha. Husema kwamba dunia imechoka na hotuba za kukodi, zilizoandikwa na mtu mmoja, zikasomwa na mwingine, na kuaminiwa na wote wawili kwa kiasi kile kile, yaani si kitu. Kijana anayetetemeka kwa sababu anasadiki asemalo ni bora kuliko mzee anayetiririka bila ya kusadiki lolote. Rai hii ina haki yake, na asiyeikubali hata kidogo hajapata kusikia neno likitoka moyoni. Shauku ni moto wa neno. Bila ya moto huo hotuba ni kuni mbichi, hutoa moshi na kuwaliza watu macho, lakini chungu hakichemki.

Walakini moto huo ndio upikao, na ndio uteketezao. Msomaji wa Kiswahili ana ushahidi wa jambo hili karibu naye tangu mwaka 1963, Mwalimu Julius Nyerere alipoichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Katika tamthilia hiyo Antony anasimama mbele ya umati wa Roma akiwa na huzuni juu ya rafiki yake aliyeuawa. Huzuni hiyo si ya bandia. Kabla ya kuonwa na umati wowote alikuwa amekwisha omboleza peke yake juu ya maiti, pasipo shahidi wa kumsifu. Basi kama ukweli wa moyo ndio kipimo, Antony amekifikia. Lakini hotuba yake inapokwisha, watu wanatawanyika mitaani na moto mikononi, na mtu wa kwanza wanayemkuta ni Cinna, mshairi, asiye na hatia ila kuitwa jina moja na mmoja wa wauaji. Anajitambulisha kuwa yeye ni mshairi, hawamwachi. Damu ya mshairi huyo hakuimwaga Antony kwa mkono wake, wala hakumtaja kwa kinywa chake. Aliwasha tu. Huzuni yake ilikuwa kweli tupu, na tunda la kweli hiyo likawa dhuluma. Hapana hoja iliyo fupi kuliko hii ya kuonyesha kwamba moyo safi peke yake si dhamana ya neno.

Kutokana na hatari hiyo, wengine wamekimbilia upande wa pili. Hao husema kwamba mwanafunzi anyamaze kwanza. Yupo chuoni kujifunza, si kufundisha. Elimu yake ni changa, maisha hajayaonja, na chakula anachokula kimelipiwa na wengine. Akishapata shahada, kazi na mvi mbili tatu, hapo ndipo asimame aseme. Rai hii nayo ina sura ya busara, hasa katika nchi zilizolelewa kwa heshima ya wakubwa. Ila ina kasoro moja: inadhani kwamba ukweli hungojea. Yako maneno ambayo yasiposemwa na kijana aliyemo ndani ya jambo lenyewe, hayasemwi na mtu yeyote.

Mfano ulio wazi ulitokea Afrika ya Kusini. Huko Turfloop, katika upande wa kaskazini wa nchi hiyo, serikali ya ubaguzi wa rangi ilianzisha mwaka 1959 chuo cha watu weusi, kwa shabaha ya kuwatenga na vyuo vya wazungu. Tarehe 29 Aprili 1972, katika mahafali ya chuo hicho, Onkgopotse Tiro alisimama kusema kwa niaba ya wahitimu wenzake. Ilitazamiwa kwamba atashukuru, atasifu na atakaa. Yeye akaueleza mfumo wa elimu waliotengewa watu weusi kama alivyoujua kwa kuishi ndani yake: chuo kiitwacho cha weusi lakini chenye kuendeshwa na wazungu, na wazazi weusi waliokuja kuwaona watoto wao wakihitimu wakakosa nafasi ukumbini, hali viti vya mbele vimekaliwa na wazungu. Hakutunga kisa. Aliyataja mambo ambayo kila aliyekuwamo ukumbini aliweza kuyaona kwa kugeuza shingo.

Tiro alifukuzwa chuoni. Wanafunzi wenzake walipogoma kudai arudishwe, walifukuzwa nao pia, na vyuo vingine vya weusi vikagoma kuwaunga mkono. Baadaye alifundisha historia katika shule ya sekondari ya Morris Isaacson, Soweto, kisha akalazimika kukimbilia Botswana. Na huko, mwezi Februari 1974, aliuawa kwa bomu lililotiwa ndani ya kifurushi cha posta. Tarehe 16 Juni 1976 watoto wa shule za Soweto walipoandamana kukataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikaans, wanafunzi wa shule aliyoifundisha walikuwa miongoni mwa waliotangulia mbele. Kama kijana huyu angefuata shauri la kungoja mvi, asingesema kabisa, maana mvi hakujaliwa. Na wazee waliokuwapo, wenye mvi zao, walikuwa na sababu nyingi za kunyamaza. Methali yasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye alikuwa amekilalia kitanda hicho, na haki ya kuwataja kunguni ilikuwa yake kabla ya kuwa ya mtu mwingine.

Lakini hapa msomaji ajihadhari na kosa jingine lililo jepesi kufanyika. Asidhani kwamba bei iliyolipwa kwa ajili ya neno ndiyo ithibati ya ukweli wa neno hilo. Watu wamefungwa na hata kufa kwa ajili ya mambo ya uongo, nao waliyasadiki mpaka mwisho. Mateso ya msemaji huthibitisha kwamba hakuwa akicheza. Hayathibitishi kwamba alikuwa sahihi. Neno la Tiro halikuwa kweli kwa sababu aliuawa. Lilikuwa kweli siku ile ile ya mahafali, kabla ya adhabu yoyote, kwa sababu lililingana na mambo yalivyokuwa.

Tofauti hiyo hudhihirika zaidi katika tukio la karibu na nyumbani. Mwaka 1966 serikali ya Tanzania iliamua kwamba wahitimu wa vyuo walitumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima: miezi michache kambini, na muda uliobaki katika kazi zao za kawaida, kwa sehemu tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu kilichopo Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana mpaka Ikulu. Walibeba mabango, na mbele ya Rais ikasomwa taarifa yao. Walikataa masharti ya mpango ule, na wakaonyesha kwamba viongozi waliowataka wao wajinyime walikuwa wakiishi kwa mishahara minono.

Hapana sababu ya kushuku kwamba walisema kwa moyo. Walikuwa vijana, walikuwa na tamaa ya maisha waliyoyasomea miaka mingi, nao waliona wanaonewa. Mwalimu Nyerere aliwajibu papo hapo. Kuhusu mishahara alikiri kwamba ni mikubwa mno, akatangaza kuupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Kuhusu utumishi hakukubali. Na wanafunzi zaidi ya mia tatu wakarudishwa makwao, ingawa wengi wao baadaye waliruhusiwa kuendelea na masomo. Miezi michache baada ya hapo, Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha, na ndani yake masharti ya uongozi yaliyomkataza kiongozi kupokea mishahara miwili au kumiliki nyumba za kupangisha. Si haki kudai kwamba maandamano ndiyo yaliyolizaa Azimio, kwa kuwa fikira zake zilikuwapo kabla. Lakini si haki pia kukana kwamba swali la vijana wale liligusa kidonda kilichokuwapo kweli.

Basi neno lao lihukumiwe vipi? Haifai kulitupa kwa sababu tu lilihusu mifuko yao. Kila mtu ana ruhusa ya kusema panapomuuma, na anayesema juu ya njaa yake mwenyewe huenda akasema sahihi kuliko anayesema juu ya njaa ya jirani. Kasoro yao ilikuwa kwingine. Waliyahesabu madeni ya wakubwa wakasahau kuhesabu ya kwao. Nyerere alikuwa na mfano alioupenda: kwamba msomi katika nchi maskini ni kama mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali na kurudi na chakula kwa ajili ya wote. Mkulima aliyelipa kodi ili kijana asome hakutajwa pale Ikulu kama mtu anayedai. Neno likawa nusu: nusu iliyotazama juu ilikuwa kweli, na nusu iliyopasa kutazama chini haikuwapo.

Nayo serikali ilitoa mambo mawili yasiyofanana katika saa moja. Kupunguza mshahara kulikuwa jibu, tena jibu la heshima, maana mwenye kuambiwa alikubali kuguswa na alichoambiwa. Kufukuza hakukuwa jibu. Kulikuwa adhabu, na adhabu haimwambii msemaji wapi alipokosea, ila humwonyesha tu nani mwenye nguvu. Kizazi kinachofuata hujifunza kutoka katika adhabu hiyo jambo moja: kunyamaza. Na aliyenyamaza kwa hofu hajaikubali hoja ya mtu.

Tukio la Turfloop na tukio la Dar es Salaam, yakiwekwa pamoja, huonyesha kwamba mgawanyo wa kawaida kati ya shauku ya mtu binafsi na shabaha ya watu wote si mgawanyo wa haki. Tiro naye alisema juu ya maisha yake mwenyewe, chuo chake na wazazi wa wenzake. Kilicholikuza neno lake ni kwamba uchungu wake ulimfungulia macho akawaona wengine wenye uchungu huo huo. Shauku ni kama kisima uani. Ni cha mwenye nyumba, na haina ubaya kuwa chake; swali ni kama jirani anaruhusiwa kuteka. Asiye na kisima chake hana la kumpa jirani. Mwenye kisima akifunga mlango hana haki ya kukiita cha kijiji.

Kutokana na hayo, madeni ya msemaji kijana yanaweza kuhesabiwa kuwa matatu.

La kwanza ni deni la kujua. Anayewaomba watu mia mbili dakika kumi anawaomba saa thelathini na tatu za uhai wa wanadamu, na anapaswa kuwa amezilipia kabla. Wapo wanafunzi wa Dar es Salaam walioliona deni hili. Mwaka 1967 wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika walianzisha pale Mlimani chama cha kimapinduzi kilichojulikana kwa herufi USARF. Walikuwa wakali wa maneno, lakini hawakuishia katika ukali: walikutana kusoma pamoja, wakatoa jarida lao lililoitwa Cheche, na mwaka 1968 baadhi yao walisafiri hadi sehemu za Msumbiji zilizokombolewa na FRELIMO ili wakajionee vita waliyoisemea. Mwaka 1970 chama na jarida lake vilipigwa marufuku. Mtu anaweza kupingana na mengi waliyoyahubiri. Hawezi kusema kwamba walidhani hasira ni badala ya kusoma.

La pili ni deni la kujibiwa. Anayesema hadharani amejiweka mahali pa kuulizwa, na asiyetaka kuulizwa alipaswa kubaki chumbani. Jambo hili ni la asili katika Kiswahili. Washairi wa Mombasa na wa Lamu katika zama za Muyaka bin Haji, mwanzoni mwa karne ya 19, walipelekeana mashairi ya kujibizana. Na shairi lililopata jibu halikuhesabiwa kuwa limetukanwa, bali kwamba limeheshimiwa. Siku hizi umezuka mwenendo wa kuifanya shauku iwe ngome: msemaji akiulizwa juu ya hoja, hujibu kwamba moyo wake umejeruhiwa. Huko ni kutaka heshima ya jukwaa pamoja na usalama wa kitanda. Uchungu wa mtu haupingwi, kwa kuwa ni wake. Lakini akitoa katika uchungu huo amri kwa wengine, kwamba waache hiki au wafanye kile, amri hiyo inaweza kupimwa, na yafaa ipimwe.

La tatu ni deni la tendo. Ahadi ni deni, na shauku iliyotamkwa mbele ya watu ni ahadi hata kama neno ahadi halikutajwa. Aliyewaliza wenzake juu ya misitu amewaahidi kwamba yeye mwenyewe ataonekana siku ya kupanda miti. Hapana anayemtaka afe, wala anayemtaka afanikiwe. Anatakiwa aonekane. Ni katika deni hili hotuba nyingi za ujana hufilisika: msemaji hupokea makofi kana kwamba ndiyo malipo ya kazi, hali yalikuwa arubuni tu, na kazi yenyewe haijaanza.

Wala si msemaji peke yake mwenye deni. Wasikilizaji wana la kwao, na ni zito vile vile. Umati uliomuua Cinna haukukosa masikio, ulikosa mtu wa kusema, "Ngojeni kwanza." Kupiga makofi ni rahisi, na kuzomea ni rahisi vivyo hivyo, kazi ngumu ni kuuliza swali moja la kweli katika ukumbi uliokwisha pandwa na mori. Anayeliuliza swali hilo huwa hapendwi jioni ile. Hata hivyo amemtendea msemaji wema kuliko mamia waliomshangilia, kwa sababu amelichukua neno lake kuwa neno, si wimbo.

Chuo nacho kina deni. Kikiwapa vijana jukwaa la kusifia tu, kinawafundisha uongo kwa adabu. Kikiwapa jukwaa lisilo na maswali, kinawafundisha kujipenda. Kikiwaadhibu kwa walichokisema badala ya kuwajibu, kinakiri kwamba hakina jibu, jambo ambalo ni aibu kwa nyumba ya elimu. Kazi yake ni kutunza mahali ambapo kijana anaweza kusema jambo zito, akaonyeshwa amekosea wapi, na kesho yake akaingia darasani kama mwanafunzi yule yule.

Kijana atasema, na yafaa aseme. Shauku aliyonayo hatakuwa nayo siku zote. Umri huipunguza, na mshahara huipunguza upesi zaidi. Lakini kabla ya kupanda jukwaani na ajiulize maswali ambayo hapana atakayemuuliza kwa huruma kuliko yeye mwenyewe: analijua jambo hili kiasi gani, yuko tayari kusikia nini, na keshokutwa watu watamkuta wapi? Akiwa na majibu, hata yawe madogo, asimame aseme bila ya kuomba radhi kwa ujana wake. Asipokuwa nayo, angoje kidogo. Si mpaka aote mvi, bali mpaka ayapate.